Joto la Mama na Mtani wa Kinole

Jumamosi, baada ya Magharibi. Joto la Februari limegoma kuondoka, na milima imevaa wingu kichwani tangu mchana bila kutupa hata tone. Roho yangu nayo iko vivyo hivyo.

Shajara, andika kwanza hili kabla hasira haijanisahaulisha: kuanzia Mafiga mpaka Mzinga hakuna kijana mwenye kichwa kama changu. Hata hao wanaosomea kilimo chuoni, na miwani yao na baiskeli zinazolia kama paka, wote huishia kwangu pembeni mwa soko wakinibembeleza. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu. Mwalimu atakwambia vingine, usimsikilize. Naziba pancha nimefumba macho. Suruali yangu ya bugaluu ndiyo pana kuliko zote mtaani, ikipita barabara haihitaji kufagiwa. Na mwezi huu nimemtibu mama yangu kitu ambacho kilimshinda mwenye koti jeupe. Bila kidonge. Bila sindano. Kwa maneno na pumzi tu.

Basi hilo limeandikwa.

Sasa niandike yaliyotufikisha hapa.

Mama ndiye muuzaji wa duka letu la ushirika hapa Mafiga. Tangu lifunguliwe, mkono unaochota sukari ni wake, na sijasikia mtu akilalamika kwamba kopo halikujaa. Sasa amefika ule umri ambao siku za mwanamke zinakoma. Naona haya kuyaandika haya, lakini wewe huna mdomo. Tangu zikome, kuna joto linamjia. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na jasho linamtiririka kama mtu aliyeinamia sufuria la wali wa harusi. Kisha linaondoka na kumwachia baridi, anajifunga khanga ya pili begani wakati sisi wengine tunajipepea.

Nyumbani halikuwa neno kubwa. Dukani ndiko balaa. Anakuwa amenyanyua kopo, sukari iko hewani, joto linapanda, na foleni nzima inanyamaza kumtazama. Mama anasema ule ukimya ndio unaommaliza. Akiuona unaanza, anaweka kopo chini, anatokea mlango wa nyuma na kusimama huko kwenye maboksi matupu mpaka lipite. Huku mbele watu wanabaki wanatazamana.

Na watu wa mtaa huu wakibaki wanatazamana hawakosi la kusema. Mmoja akasema ni pepo, apungwe. Mwingine akasema ni malaria iliyojificha. Mama akaenda zahanati ya karibu, na yule bwana wa pale hakumtazama hata usoni, akampa klorokwini. Mama akameza, masikio yakavuma, ngozi ikamwasha, joto likaja palepale. Akarudi. Akapewa klorokwini tena. Ni sawa na fundi anayebandika kiraka tairi la mbele wakati pancha iko nyuma. Mimi nikimfanyia hivyo mteja, nitakimbizwa mpaka Msamvu. Yeye tunamwita daktari na tunampisha njiani.

Lakini aliyenichefua kuliko wote ni Ndugu Sefu, katibu wa duka. Anamwita kila mtu ndugu, na kwa anavyolitamka unajua kabisa kwamba huna undugu naye. Wiki iliyopita alikuja kwetu na kaunda suti yake, akakalia kiti cha mama, akanywa chai ya mama, halafu akasema, "Ndugu Mama Shabani, mgonjwa hauzi chakula cha umma. Jumamosi lori likishusha sukari, mimi na wajumbe wawili tutakuja kusimama pale tuone. Ukikimbia kaunta tena, kopo tutampa mtu mwingine."

Mtu mwingine mtaa mzima unamjua. Ni shemeji yake, yule ambaye akipima kitu, kidole gumba chake kinapimwa pamoja nacho.

Mgonjwa! Mwanamke anafika umri ambao kila mwanamke akijaliwa uzima anaufikia, anaitwa mgonjwa. Mama yake Sefu hakuufikia? Bibi yake je, aliuruka kama dimbwi? Na yeye mwenyewe siku anahutubia mkutano wa kata alilowa jasho mpaka mifuko ya suti ikabadilika rangi, hakuna aliyesema anyang'anywe ukatibu. Tulipiga makofi.

Mama alikusanya vikombe, nikaona kikombe kinagongana na kisahani chake. Duka lile si mshahara tu kwake. Kabla ya pale alikuwa mke wa marehemu fulani. Pale dukani ndipo watu walipomjua kwa jina lake.

Ndipo nikampakia kwenye keria ya baiskeli, tukaenda kituo cha afya upande wa pili wa mji, kwa nesi mmoja anayeitwa Sista Koku. Ni mtu wa Bukoba, mrefu, sauti yake haina haraka. Wakati wengine wote wenye koti jeupe hutuamuru, yeye alimtolea mama shikamoo kwanza. Nikamheshimu hapohapo, na mimi si mtu wa kuheshimu ovyo.

Walifunga mlango. Dirisha hawakulifunga, hilo si kosa langu.

Sista hakuuliza joto linakuja saa ngapi wala linadumu kiasi gani. Aliuliza, "Mama, likianza kupanda, kichwani mwako unajiambia nini?"

Mama akasema, "Najiambia wameshaniona. Najiambia watasema nimeharibika."

"Na ukishajiambia hivyo, moyo unafanyaje?"

"Unakimbia."

"Na joto je?"

"Ndiyo linazidi."

Sista akamwambia sitakudanganya, mama, joto ni la mwili, mimi siwezi kulifukuza. Litakuja na litapita lenyewe, na ipo siku litachoka. Lakini hofu unayoliongezea ndiyo inayokutoa dukani, na hofu tunaweza kuishughulikia. Akamfundisha: likianza, usilikimbie wala usishindane nalo. Shusha mabega. Pumua polepole, pumzi ishuke mpaka tumboni, inyanyue khanga ya kiunoni na siyo kifua. Itoe taratibu kuliko ulivyoiingiza. Na badala ya kujiambia umeaibika, jiambie lililo kweli: ni joto, limekuja, linapita.

Kisha nikamsikia anasema, "Sasa jambo la pili, na hili ndilo gumu."

Hapo niliona nimeshaelewa kila kitu. Isitoshe kulikuwa na kijana anaitazama baiskeli yangu kwa macho nisiyoyapenda. Nikaondoka dirishani. Jambo la pili sikulisikia.

Shajara, weka alama hapo.

Nyumbani nikawa daktari. Nilileta pampu na tyubu kuukuu, nikamwonyesha mama: ukikandamiza kwa pupa upepo unapiga kelele na kutoka pembeni, ukienda taratibu unaingia wote. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema sijui nimezaa mtoto au gereji. Lakini alifanya. Kila jioni alijilaza kwenye mkeka uani, khanga kiunoni, mimi nimechuchumaa pembeni namwangalia tumbo kama fundi anayetafuta pancha kwenye beseni la maji. Nikimwona mabega yamepanda nasema, "Mama, shusha." Anashusha.

Na lilifanya kazi, wallahi. Joto lilikuja kama kawaida, lakini halikumkuta amejikunja tena. Siku moja lilimjia anasonga ugali, nikamwona ametulia, jasho linashuka, midomo inatembea kidogo: linapita, linapita. Akaendelea kusonga. Nikatoka nje nikawatangazia wenzangu wa pale kona kwamba mimi ni daktari wa akili. Walinicheka. Nikawaambia hata wao nitawatibu, ila kwao nitaanza kwa kutafuta hiyo akili yenyewe.

Kilichobaki ni foleni. Uani alikuwa shujaa, dukani alikuwa bado anatoka nje. "Macho yao, Shabani," aliniambia. "Pumzi ninayo. Macho yao ndiyo sijayapatia dawa." Nikamwambia azidishe mazoezi. Daktari nimesema.

Sasa kuna mtu wa kumtaja, Bi Tatu wa Kinole. Hushuka mlimani siku za soko na mananasi, mdalasini na ndizi zake kichwani. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo ni mtani wa mama na ni mtani wangu pia. Akifa mtu kwetu, yeye ndiye anayekuja kulala kwenye jeneza na kudai alipwe ndipo marehemu atoke. Anaweza kumwambia mama lolote, na mama haruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani umevunja kitu, na kukirudisha kuna gharama zake.

Wiki hii Bi Tatu alikuja kwetu kila aliposhuka. Wanaingia chumbani na mama, wanafunga mlango, nasikia vicheko na sauti ya Bi Tatu inapanda kama ya mnadi. Nikadhani ni umbea wa wanawake. Sikusikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani sikusikiliza.

Haya, leo.

Lori lilifika asubuhi. Foleni ilitoka mlangoni ikapita kwa muuza mkaa mpaka barabarani, maana sukari ilikuwa imepotea siku nyingi. Chini ya yale mabati hewa ilikuwa nzito kama uji. Ndugu Sefu alisimama kando ya kaunta na wajumbe wake wawili, mikono nyuma, kama watu waliokuja kukagua daraja. Shemeji yake alikuwa wa mbele kabisa kwenye foleni, amevaa viatu vya sikukuu. Mtu unakuja kununua sukari na viatu vya sikukuu?

Mimi nilisimama mlangoni, mahali mama anaponiona. Alianza vizuri. Anachota, anapima, anafunga karatasi, anatania watoto. Halafu nikaliona linapanda. Shingo ikang'aa. Paji la uso likajaa matone. Mama akaweka kopo juu ya gunia. Hakugeukia mlango wa nyuma. Alishusha mabega, khanga ya kiunoni ikanyanyuka, ikashuka. Mimi nikapumua naye.

Foleni ikaanza kunyamaza. Ule ukimya wenyewe.

Na hapohapo, kutoka kwenye foleni mle ndani, sauti ya Bi Tatu: "Jamani, njooni mwone maajabu. Serikali inahangaika na kuni, kumbe mtani wangu kajitia jiko ndani ya gauni. Nani ana majimbi? Tuyachemshe hapo shingoni kwake tule na hiyo sukari."

Watu wakaangua kicheko. Duka zima.

Shajara, damu ilinipanda. Mama yangu amesimama mbele ya watu wanaomtafutia kosa, na huyu mwanamke anamfanya kichekesho. Sikukumbuka utani wala babu wa utani. Nilimfuata kwenye foleni, nikalikamata tenga lake nikalitupa nje. Mananasi yakaviringika barabarani, mdalasini ukamwagika kwenye vumbi. Nikamwita mchawi. Nikamwambia arudi kwao mlimani akawacheke nyani wenzake.

Hakuna aliyecheka tena.

Bi Tatu aliniangalia tu, si kwa hasira, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekojoa mskitini. Akatoka, akaokota mananasi yake moja moja, akajitwika, akaondoka.

Nikageuka kumtazama mama nikitegemea shukrani. Mama alikuwa amefungua mdomo, na pembe za midomo yake zilikuwa bado zimenyanyuka kidogo. Alikuwa ameanza kutabasamu. Alikuwa na jibu tayari. Lakini sasa kulikuwa na ukimya mkubwa kuliko siku zote, na macho yote yalikuwa kwake, na joto lilikuwa bado liko usoni. Nikaona mabega yanapanda. Nikaashiria ashushe. Hakunitazama. Alitokea mlango wa nyuma.

"Mmeona wenyewe," Ndugu Sefu akawaambia wajumbe wake. Akatoa kitambaa akajifuta jasho. Yeye jasho lake si ugonjwa.

Shemeji akaingia nyuma ya kaunta na viatu vyake vya sikukuu.

Nilimkuta mama nyumbani amekaa kwenye mkeka uani. Nikaanza kumlaani Sefu, nikamlaani Bi Tatu, nikalaani na lori. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Ulisikia aliyoniambia Sista?"

Nikamwambia nilisikia yote.

"Hukusikia," alisema. "Aliniambia nitafute mtu mmoja ninayemwamini, anitamkie kwa sauti yale ninayoogopa watu watayasema. Anitamkie leo na kesho mpaka yachuje, mpaka niweze kuyajibu. Nikamwambia Sista, mimi mtu huyo ninaye, nimezaliwa nimemkuta."

Wiki nzima kule chumbani Bi Tatu alikuwa anamtukana mama kwa kazi maalumu. Alimwita jiko, tanuri, mtumba wa joto, bati la saa saba. Na mama alikuwa anajifunza kumjibu huku jasho linamtoka. Leo walipanga: joto likija na foleni ikinyamaza, mtani avunje ukimya, watu wacheke, mama ajibu, kopo liendelee. Kwani watu wakishacheka na mtani wako kuna siri gani tena ya kunong'ona? Hata Sefu angecheka, mama alisema. Ilikuwa imebaki sentensi moja.

Nikamuuliza ni sentensi gani.

"Ningemwambia alete hayo majimbi haraka, maana kwake jiko lilizimika zamani, anakuja kuota moto kwangu."

Aliisema bila kucheka, akiangalia ukuta.

Sasa Bi Tatu hatakanyaga kwetu. Mtani akishakasirikiwa na ukoo hawezi kurudi mpaka aliyemkosea apande kwake mwenyewe na kuku, akae chini mlangoni, atukanwe mpaka mwenye nyumba atosheke. Mama hawezi kupanda kwa niaba yangu. Mjomba hawezi. Kikao cha duka ni Jumatatu, wataamua kopo liwe la nani moja kwa moja. Mama amesema atakwenda kwenye kikao hicho na kusimama. Lakini hataki kwenda bila mtani wake kukaa mbele.

Kuku nimeshamkamata, yuko chini ya tenga, ananilalamikia. Kukikucha napanda Kinole. Baiskeli haifiki kule juu, nitakwenda kwa miguu, na bugaluu nitaiacha nyumbani. Najua nitakayoambiwa. Atanianzia na masikio yangu, atashuka na darasa la sita, atafika kwenye mananasi. Nitapaswa kukaa, kushusha mabega na kuyapokea yote.

Bado namkasirikia Sefu. Namkasirikia mwenye klorokwini. Hizo hasira zangu ni halali na sizirudishi.

Lakini kuna kitu sijakiandika, nimekizunguka jioni nzima. Bi Tatu aliposema yale, wa kwanza kucheka hawakuwa watu wa foleni. Walikuwa wenzangu wa pale kona, wamesimama nyuma yangu mlangoni. Mmoja alinigusa bega akasema, "Shabani, daktari, mama yako anachemka." Ndipo damu ilipopanda. Si kabla ya hapo. Mama alikuwa mbele yangu ametulia, pumzi inashuka tumboni, tabasamu linaanza, na mimi sikuwa namwangalia tena.

Leo dukani mama hakuona aibu. Niliyeiona ni mimi, na nikamtupia yeye.